Umependwa Kabla ya Marejesho

Jumatatu asubuhi, katika mitaa mingi ya miji yetu, kuna watu wamejificha ndani ya nyumba zao wenyewe. Mama aliyekopa ili aongeze mtaji wa genge amefunga mlango kwa ndani na kuwaagiza watoto waseme mama kasafiri, maana leo ni siku ya marejesho na biashara ya wiki nzima haikutoka. Kijana wa bodaboda amezima simu. Pikipiki ni ya mkataba, mwenye pikipiki anataka hesabu yake, na jana mvua ilinyesha kutwa. Mtumishi wa serikali amepokea ujumbe kwamba mshahara umeingia, kisha wa pili, wa tatu na wa nne wa makato, na hajainuka hata kitandani. Mikopo ya kausha damu imeingia mpaka vijijini, na walioikopa wanajua uchungu wa kuona godoro na jiko la gesi vikibebwa mchana kweupe, majirani wakitazama.

Wachumi wana maneno yao juu ya hayo, na wayaseme. Mimi nataka kusema juu ya madeni yasiyoandikwa kwenye daftari la kikundi. Unadaiwa na ukoo uliouza ng'ombe ili usome, na kila Desemba ukirudi nyumbani macho yao yanauliza matunda yako wapi. Unadaiwa harusi isiyopungua ya wenzako, nyumba ya bati la kisasa kijijini, mtoto kabla umri haujakupita. Unadaiwa hata na simu yako: kila ukiifungua unakuta fulani kaoa, fulani kahitimu, fulani kapiga picha kaegemea gari jipya, na wewe uko palepale. Usiku taa zikizimwa, dhamiri nayo inaleta hesabu yake: yule msichana uliyemkana akiwa na mimba, yule mzee uliyemdhulumu kiwanja, mama aliyefariki ukiwa umemnunia. Wadai wote hawa wana sauti moja. Wanasema: lipa kwanza, ndipo tutakuhesabu kuwa mtu.

Ndugu yangu, hakuna aliyewahi kulimaliza deni la namna hiyo. Ndiyo maana tunachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Wengine wanaukimbilia mkeka wa kubeti, wengine chupa, wengine wanavuka mito usiku kwenda kwa mganga kuuliza nani kawafunga. Na ndiyo maana nasema leo, bila kumung'unya maneno, kwamba unahitaji imani ya Kikristo. Sisemi ile ya kujaza kwenye fomu hospitalini panapoulizwa dini. Nasema ile yenyewe, inayomshika mtu.

Chukua habari za Zakayo katika Injili ya Luka. Wengi tulisimuliwa tukiwa watoto, tukabaki na picha ya mtu mfupi juu ya mkuyu, tukasahau kazi aliyoifanya. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko. Aliwakusanyia Warumi, watawala wa kigeni, kodi za watu wa taifa lake mwenyewe, na ziada ikaingia mfukoni mwake. Hapana shaka nyumba nyingi mjini zilikuwa na kisa chake na Zakayo: mjane aliyetozwa mara mbili, mkulima aliyeuza punda. Sasa Yesu anapita, umati umejaa barabarani, na tajiri huyu anajisitiri kwenye matawi.

Fikiri sisi tungefanyaje. Tungemwita ofisini. Tungemsomea orodha. Tungemwambia arudishe kwanza fedha za watu, akae viti vya nyuma miezi kadhaa, tuone mwenendo wake, ndipo tuseme naye. Yesu alisimama chini ya mti, akainua macho, akamwita kwa jina lake, akamwambia ashuke upesi kwa kuwa siku ile ilimpasa kushinda nyumbani kwake. Watu wakanung'unika, na ningekuwepo huenda ningenung'unika nao. Maana wakati anaitwa, Zakayo alikuwa hajaahidi kitu. Hajarudisha hata senti. Hajatubu kwa sauti. Ni baada ya kumpokea mgeni huyo kwa furaha ndipo aliposimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemlazimisha. Upendo ulitangulia, malipo yakafuata. Ukiugeuza mpangilio huo umeipoteza Injili yote, hata kama kanisa lako lina kwaya nzuri na jengo la ghorofa.

Hicho ndicho Wakristo wanachokiona msalabani. Mungu hakusubiri tujisafishe. Alikuja tungali tunadaiwa, akalibeba deni mwenyewe, kwa mwili na kwa damu, Ijumaa moja nje ya malango ya Yerusalemu, chini ya liwali aitwaye Pontio Pilato. Aliyekuwa na haki ya kudai kuliko wote ndiye aliyelipa. Basi wadai wengine wote, ukoo na mtaa na simu na hata dhamiri, wanaweza kupiga kelele, lakini hukumu juu ya thamani yako si yao tena kuitoa.

Nenda Zanzibar, pale Mkunazini, usimame mbele ya kanisa kuu la Anglikana. Katika eneo lile lilikuwepo soko la watumwa. Watu waliotembezwa kutoka bara kwa miguu, wengi wamekwisha kuzika ndugu njiani, walipangwa pale, wakakaguliwa, wakapewa bei. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo, na Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Askofu Edward Steere akalisimamia jengo mpaka likasimama, na madhabahu yakajengwa mahali panaposimuliwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa viboko. Najua wafanyabiashara wengi wa watumwa wa bahari ya Atlantiki walikuwa wamebatizwa, na wamisionari nao walikuwa na makosa yao ambayo historia imeyaandika. Lakini fikiri mahali ambapo waliojua ukweli walichagua kuweka mkate na kikombe: pale ambapo binadamu aliambiwa ana bei kama bidhaa, sasa anaambiwa amegharimu uhai wa Mwana wa Mungu. Hakuna mkopeshaji, bosi wala mchumba anayeweza kukupandisha juu ya bei hiyo. Hakuna pia anayeweza kukushusha.

Nimewahi kusikia watu wema wakiuliza: kama tumesamehewa bure, mtu si atabweteka? Si ataendelea kula vya watu akijua Mungu yupo? Swali hili lilijibiwa katika nchi zetu wenyewe, na lilijibiwa kwa vitendo. Septemba 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini juu ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala. Church alikuwa amechoka roho. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba, na jambo lililoanza katikati yao likawa, kwa miaka iliyofuata, moto uliopita Rwanda, Kigezi, Burundi, Bukoba mpaka Kenya. Ndio Uamsho wa Afrika Mashariki, na waliouingia wakaitwa Walokole.

Walifanya nini hawa waliosamehewa bure? Walirudisha. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja alichokiiba na nyumba alikoiba, kisha akaenda kukipeleka. Ng'ombe walirudi kwa wenyewe. Vifaa vya serikali vikarudi ofisini, na maofisa wa kikoloni hawakujua wavipokee vipi. Na kuna lililokuwa gumu zaidi kwa zama zile: Mzungu alimwomba radhi Mwafrika mbele za watu kwa kiburi cha rangi yake, na Mwafrika naye akaungama chuki aliyoificha nyuma ya heshima ya mdomoni. Kumbe asiyetishwa na deni ndiye analipa kwa mikono miwili. Anayetishwa hujificha.

Halafu kuna madeni tunayoyadai sisi. Hapa ndipo wengi tunapokwama, na nakusihi usiruke haraka. Mwaka 1977, Februari, Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa baada ya maaskofu kumwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa uamsho uleule, alitoroka na mkewe usiku kupitia milima wakaingia Rwanda. Alikuwa na kila haki ya kuchukia. Na alichukia, mwenyewe alieleza namna uchungu ulivyokuwa unamkausha moyo ugenini. Ijumaa Kuu ya mwaka ule akiwa kanisani London, akitafakari Yesu anavyowaombea wanaompigilia misumari, alitambua kwamba ombi lile lilimhusu hata Amin. Akamsamehe. Baadaye akaandika kitabu kidogo kutangaza kwamba anampenda Idi Amin, huku akiendelea kulitaja hadharani kila ovu lililotendeka nchini mwake. Kusamehe hakukumfunga mdomo. Kulimfungua mikono akahudumia wakimbizi. Wewe unamshikilia nani? Baba aliyewatelekeza? Mwenzi aliyekuacha kwenye madeni akahama? Kila asubuhi unaamka kwenda kudai, na aliyekukosea pengine hakumbuki hata jina la mtaa mliokaa.

Nikifika kwenye habari za Buta huwa naongea polepole. Buta ni seminari ndogo kusini mwa Burundi, eneo la Bururi. Mwaka 1997 nchi ile ilikuwa vitani, Wahutu na Watutsi wakiuana, lakini ndani ya bweni lile vijana wa pande zote walilala kitanda kando ya kitanda. Walimu wao walikuwa wamewalea kwa makusudi: kuzungumza waziwazi juu ya yanayowatenganisha, kusali pamoja, kula pamoja, kucheza pamoja, hata wakati redio na vijiwe vilikuwa vinawaambia kinyume. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili kundi lenye silaha liliingia bwenini. Wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Amri ilikuwa rahisi kutii. Waliokuwa wa kabila la washambuliaji wangeweza kusogea hatua chache tu wakaishi, na hakuna mzazi hata mmoja ambaye angewalaumu. Hawakujitenga. Walishikana. Vijana 40 wakauawa, Wahutu na Watutsi, na wamezikwa pamoja palepale seminarini.

Ujasiri kama ule hauokotwi dakika ya mwisho. Hakuna hotuba unayoweza kumpa kijana wa sekondari saa kumi na moja alfajiri, bunduki ikiwa usoni, akaamua kufa na jirani yake. Lazima awe ameshaamini zamani, siku za kawaida za uji na hesabu na kufagia uwanja, kwamba yeye na mwenzake wamependwa na Mungu mmoja na wana Baba mmoja, na kwamba hata kifo hakiwezi kumnyang'anya alichopewa. Huo ndio msingi wa kuitaka imani leo, kabla ya siku mbaya. Siku mbaya haitoi muda wa kujifunza.

Na lazima niseme hili pia, maana uongo haumjengi mtu. Nchi jirani ya Rwanda ilikuwa na wabatizwa wengi mno mwaka 1994 wa mauaji ya kimbari, na watu waliokimbilia makanisani Ntarama na Nyamata waliuawa mlemle ndani, mara nyingi na watu waliojua nyimbo zilezile. Cheti cha ubatizo hakikumzuia mtu kushika panga. Kwa hiyo ninapokuhimiza uwe na imani, sikuhimizi uongeze jina kwenye daftari la paroko au la mchungaji. Nakuhimiza uingiwe na Kristo mpaka kabila lako, chama chako na hasira zako vipate bwana mpya.

Vilevile kuna biashara imevaa joho la imani, na inawawinda hasa wanaodaiwa. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta waliyoambiwa ni ya upako. Miaka mitatu baadaye, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Naomba uone vitu hivyo vinafanana na nini: ni marejesho tena. Toa kwanza, kanyaga kwanza, jitese kwanza, ndipo Mungu atakuangalia. Ni ujumbe uleule wa mkopeshaji, umepigiwa kinanda. Ukiusikia madhabahuni, inuka utoke. Mungu wa Zakayo hauzi mafuta. Na wafuasi wake wa kweli hawajawahi kuikimbia hospitali. Waliojenga Bugando kule Mwanza na KCMC pale Moshi walikuwa Wakristo, walioona kwamba kumpenda Mungu ni pamoja na kununua hadubini na kusomesha wauguzi.

Hebu sasa turudi mtaani. Imani haitafuta salio la mkopo kwenye simu yako, na anayekuambia itafuta anakudanganya. Yule mama bado atalazimika kufungua mlango. Lakini mtu aliyepokea kwamba anapendwa anafungua mlango akiwa mtu mwingine. Anasema ukweli: sina, nina kiasi hiki, nitaongeza lini. Hawaagizi watoto wake kudanganya. Hakopi huku kuziba kule kwa ajili ya kulinda sura. Anaweza hata kufanya lile linalotushinda wengi, yaani kumweleza mtu mwingine kwamba mambo yamemwia magumu.

Na mtu wa kumweleza yupo. Hili nalipenda kuliko yote katika Ukristo wa kwetu, nalo halipigwi picha sana. Ni jumuiya: kaya kumi au ishirini za mtaa mmoja, Jumamosi alfajiri au jioni ya katikati ya wiki, kwenye sebule ya mtu au chini ya mwembe, viti vya plastiki na mkeka, Neno linasomwa, maombi yanatajwa kwa majina. Mjini umepanga chumba, hujui jina la mpangaji wa mlango wa pili, na ndugu zako wako mkoa mwingine. Ukiugua siku tatu, nani atajua? Jumuiya itajua, kwa sababu kiti chako kilikuwa kitupu. Msiba ukikufika, kabla ndugu hawajashuka kwenye basi, tayari turubai limefungwa, sufuria zimeletwa, kina mama wako jikoni, na mwenyekiti ana daftari la rambirambi mkononi. Waliofika hawakuuliza kama umewahi kuchangia. Wapo wanaosema hayo ni mila zetu tu za ujirani, na kweli Waislamu na Wakristo tumezikana vizuri miaka yote katika nchi hii, Mungu atuzidishie. Ila mila za ujirani zinapungua mjini kadiri kuta za mageti zinavyopanda, na panahitajika sababu iliyo kubwa kuliko mazoea ya kumtoa mtu kitandani Jumamosi alfajiri akamwombee asiye wa ukoo wake. Sisi tunayo.

Kijana, nakutazama wewe zaidi. Umetuma maombi ya kazi mpaka umeacha kuyahesabu. Umeanza kuamini kwamba huna maana kwa sababu hakuna aliyekujibu. Inuka! Aliyeziumba mbingu alikujibu kabla hujaandika barua. Kitafute kibarua kwa bidii, endesha bodaboda, lima nyanya, jifunze ufundi, gonga milango ya ofisi. Fanya vyote hivyo kama mtu mwenye jina, asiyeomba ruhusa ya kuwepo. Mwenye kujua amependwa anaweza kushindwa Jumanne na kujaribu tena Jumatano, maana kushindwa kwake hakukumpunguza. Mwenye kutafuta thamani katika kila jaribio, jaribio moja likimwangusha anaanguka mzima.

Na wewe mtu mzima unayesema nitarudi kanisani mambo yakikaa sawa, nikishafunga ndoa yetu rasmi, nikishapata nguo, nikishaacha pombe: huo nao ni mpango wa marejesho. Zakayo alishuka mtini akiwa na dhuluma zake zote mwilini. Njoo na zako.

Anza leo jioni. Tafuta Injili ya Marko; ina sura 16 na unaweza kuimaliza kabla ya kulala, hata kwenye simu, badala ya kutazama magari ya watu. Isome kama mtu anayetafutwa, si kama mwanafunzi wa mtihani. Kisha ongea na Mungu kwa Kiswahili chako cha kawaida, mtajie kila mdai kwa jina lake, na mwambie umechoka kujificha. Kesho kama kuna kitu cha mtu mkononi mwako, kipeleke. Kama kuna mtu unayemdai uchungu wa miaka, mpigie au mwandikie kwamba umemwachilia. Akikujibu vibaya, wewe umekwisha kuwa huru. Halafu muulize jirani yako anayepita na Biblia kwapani jumuiya inasali nyumbani kwa nani wiki hii, uende, ukae kwenye kiti chochote kilicho wazi.